Schoon: mama mkwe, gauni na ndugu waliotawanyika wa neno moja la Kiholanzi

Swali (nimelifupisha kidogo): "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni Mtanzania, nimeolewa Uholanzi, naishi Utrecht. Darasani tulifundishwa kwamba *schoon* maana yake ni 'safi'. Sasa mama wa mume wangu ni *schoonmoeder*. Je, ndiyo kusema 'mama msafi'? Tena juzi tulikwenda Antwerpen harusini, nimevaa gauni langu la kitenge, bibi mmoja akaniambia: *Amai, wat een schoon kleed!* Nikabaki najiuliza, kwani alitegemea nije na nguo chafu? Mume wangu akacheka hadi akashika tumbo, anasema masikio yake yamesikia 'zulia safi lililoje'. Baadaye akanieleza kwamba zamani neno hilo lilimaanisha 'zuri', ila kwa kuwa Waholanzi wanapenda usafi kupita kiasi, uzuri na usafi vikageuka kitu kimoja. Ni kweli? Na neno lenyewe limetoka wapi, lina ndugu gani?"

Marahaba, binti yangu. Kwanza yule bibi wa Antwerpen, ng'ambo ya mpaka huko Ubelgiji, maana amekusifu kwa dhati na umeikosa sifa yako. Kwake yeye *schoon* ni "-zuri" na *kleed* ni gauni. Kwa mumeo, aliyekulia upande wa kaskazini wa mpaka, *schoon* ni "safi" na *kleed* ni zulia au kitambaa cha kutandika mezani. Gauni yeye huliita *jurk*. Wote wawili wanasema Kiholanzi sahihi cha kwao. Bibi akitaka kusema nguo ni safi, atatumia *proper*, neno walilolichukua kwa Wafaransa. Kusafisha nyumba kwake ni *kuisen*, na mama anayekuja kufanya usafi ni *kuisvrouw*. Hilo la mwisho usilirudishe Utrecht bila kufikiri: huko *kuis* ni mtu aliyejitunza, asiyejua uzinzi, na *kuisvrouw* wataisikia kama sifa ya mtawa.

Kati ya mumeo na bibi, aliyeshika maana kongwe ni bibi. Ushahidi haupo Ubelgiji tu, upo hata mdomoni mwa mumeo mwenyewe, kwa sababu maana inapohama huacha vyombo nyuma. Mholanzi wa Utrecht anayesema *schoon* kwa "safi" husema *schoonheid* kwa "uzuri", wala haoni ajabu. Saluni ya urembo ni *schoonheidssalon*, na anayefanya kazi humo hasugui sakafu. Yule binti wa ngano aliyelala miaka mia ni *de Schone Slaapster*. Mwandiko wa kupendeza ni *schoonschrijven*. Michezo ya kujirusha majini kutoka jukwaani ni *schoonspringen*, kwa kuwa waamuzi hutoa alama kwa umbo la mrukaji, si kwa umbali. Ukipita Gent au Antwerpen utaona makumbusho ya *Schone Kunsten*, yaani sanaa zenye uzuri, sanaa za uchoraji na uchongaji. Na yumo mtawala Filips de Schone, aliyezaliwa Brugge mwaka 1478 na kufa Burgos mwaka 1506, baba wa Kaisari Karl wa Tano. Wafaransa walimwita le Beau na Wahispania el Hermoso. Hakuna kati yao aliyekuwa akisifia kuoga kwake.

Sasa chimbuko. Kiholanzi, Kijerumani, Kiingereza, Kifrisia, Kiswidi na wenzao ni lugha za familia moja ambayo wanaisimu huiita Kigermanik. Mama yao hakuacha maandishi ya kutosha, kwa hiyo maneno yake tunayaunda upya kwa kulinganisha watoto, na tunayawekea nyota mbele ili kukiri kwamba ni maneno ya kukokotolewa. Kivumishi chetu kwa mama huyo kilikuwa *\*skauniz*. Ukikifungua unakuta mzizi *\*skau-*, "kutazama", pamoja na kiambishi kinachogeuza kitendo kuwa sifa. Maana yake basi ni "kinachotazamika". Kiswahili kina kiungo kama hicho, ile *-k-* yetu: tunasema sura ya mtu haitazamiki, na kila mtu anaelewa kwamba si habari ya macho mabovu ya mtazamaji.

Maana hiyo ya "umbo linaloonekana" si ya kubuni. Kigothi, lugha ya kwanza ya familia hii kuandikwa kwa urefu, kwa njia ya Biblia iliyotafsiriwa na Wulfila katika karne ya 4, kina neno *ibnaskauns*. Limo katika Waraka kwa Wafilipi, pale mtume anapozungumzia mwili wetu kufananishwa na mwili wa utukufu: *ibna-* ni "sawa", *-skauns* ni "umbo". Hapo neno bado halijaamua kama kinachoonekana ni kizuri au kibaya. Baadaye ndipo "chenye umbo" ikawa "chenye umbo zuri". Sisi nasi husema fulani ana sura, au mtoto ana umbo, tukimaanisha sura nzuri na umbo zuri bila kulitaja hilo neno "zuri".

Mzizi huo wa kutazama ulizaa pia kitenzi, na kitenzi hicho unakutana nacho kila siku hapo Uholanzi. *Schouwen* ni kutazama kwa makini, kukagua. *Toeschouwer* ni mtazamaji wa mpira au mchezo. *Beschouwen* ni kulichukulia jambo kwa namna fulani. *Lijkschouwer* ni daktari anayekagua maiti kujua chanzo cha kifo. *Schouwburg* ni jumba la maigizo. La kwanza lenye jina hilo lilifunguliwa Amsterdam mwaka 1638. Na ukiona tangazo la bodi ya maji kwamba kutakuwa na *schouw* msimu wa vuli, jua wanakuja kukagua mitaro, na mwenye shamba ambaye hakupalilia wake atasikia habari yake. (Ile *schouw* ya sebuleni, nguzo na rafu ya mahali pa kuotea moto, ni neno jingine lililofanana tu.)

Kijerumani wanasema *schauen* kwa maana ileile ya kutazama. Waingereza walilipindua: *sceawian* yao ya kale ilikuwa "kutazama", lakini yapata mwaka 1200 ikaanza kuwa "kumfanya mwingine atazame". Ndiyo *show* ya leo. Kwa hiyo *schoon* na *show* ni watoto wa mzizi mmoja, ingawa mmoja ni sifa na mwingine ni kitendo.

Nje ya familia ya Kigermanik, katika ukoo mkubwa wa Kihindi-Kiulaya, wanaisimu huweka hapo kitenzi cha Kilatini *cavere*, "kuangalia, kujihadhari", na neno la Kisanskriti *kavi*, "mwenye kuona mbali, mshairi". La pili lingali hai: mshairi kwa Kihindi na Kigujarati ni *kavi*, na wazee wengi wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam wamelisikia kwa majirani zao. La kwanza limerudi Uholanzi kwa mlango wa mahakama. Polisi anapomwambia mtuhumiwa kwamba halazimiki kujibu, onyo hilo huitwa *cautie*, kutoka *cautio* ya Kilatini, mtoto wa *cavere*. Binamu wawili wa mbali sana wanaishi nchi moja bila kujuana.

Utaniuliza tunajuaje kwamba *schoon*, *schön* ya Kijerumani na *sheen* ya Kiingereza ni neno moja, maana kufanana peke yake si hoja. Tunajua kwa sababu tofauti zao zina utaratibu. Irabu pacha *au* ya mama ikiwa mbele ya sauti fulani, kwa Kiholanzi huwa *oo*, kwa Kijerumani *o* na kwa Kiingereza *ea*: mkate ni *brood*, *Brot*, *bread*, -ekundu ni *rood*, *rot*, *red*, iliyokuwa ikiandikwa *read* zamani, -fu ni *dood*, *tot*, *dead*. Sasa tazama ile *i* iliyokuwa mwishoni mwa *\*skauniz*. Irabu hiyo ina tabia ya kuivuta irabu iliyoitangulia isogee mbele ya kinywa. Wajerumani na Waingereza waliiacha ivute. Waholanzi wa magharibi, kwa irabu ndefu, hawakuiachia. Ndiyo maana kitenzi cha kusikia ni *horen* kwa Kiholanzi, *hören* kwa Kijerumani na *hear* kwa Kiingereza, na rangi ya majani ni *groen*, *grün*, *green*. Weka *schoon*, *schön*, *sheen* kando ya mistari hiyo uone jinsi zinavyoketi. Upande wa *sch-* nako ni hivyohivyo: *schip*, *Schiff*, *ship*.

Kuhusu matamshi, wenye Kiswahili cha pwani wanaojua *kh* ya Kiarabu, ile ya *sheikh* kwa msomaji wa Kurani, wamepewa nusu ya kazi bure. Tamka *s*, kisha *kh* hiyo, kisha *o* ndefu: *skhoon*.

Ndugu niliyempenda kuliko wote, hata hivyo, si ndugu wa damu. Ni neno la Kifini *kaunis*, "-zuri". Kifini hakimo katika familia hii kabisa. Kinakaa na Kiestonia, na kwa mbali Kihungari. Lakini wasemaji wake wa kale waliishi jirani na wasemaji wa Kigermanik, wakaazima maneno yapata miaka 2,000 iliyopita, wakayatunza kuliko wenyewe walivyoyatunza. Tazama *kuningas*, "mfalme", kutoka *\*kuningaz*: Waholanzi wamebaki na *koning*, Waingereza na *king*, mkia umekatika kote. Wafini bado wanao. *Kaunis* nayo imehifadhi ile *-is* ya *\*skauniz* ambayo lugha zote za Kigermanik zilizobaki hai zimeitupa. Kilichopotea ni *s* ya mwanzo, kwa kuwa Kifini cha kale hakikuruhusu konsonanti mbili kuanza neno; *\*strandō*, "ufuko", imekuwa kwao *ranta*. Sisi tukikutana na rundo kama hilo huchomeka irabu, ndipo tukapata sitima na kilabu. Wao walikata. Anayetaka kuisikia *schoon* ilivyotamkwa kabla ya Waroma kufika mto Rhine aende Helsinki, asiende Amsterdam.

Waswidi wanasema *skön*, na humaanisha zaidi "-a starehe, -a kuburudisha": kochi huwa *skön*, na wikendi pia. Wao waliipata kwa wafanyabiashara wa kaskazini mwa Ujerumani katika Zama za Kati, pamoja na mamia ya maneno mengine. Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya kati na mashariki, kina *sheyn*. Majina ya watu na mahali yenye Schön- au Schoen- yamejaa Ulaya; kasri la Schönbrunn jijini Vienna ni "chemchemi nzuri".

Kwa Waingereza neno lilikuwa na bahati mbaya. *Sciene* yao ya kale ilikuwa sifa ya kawaida ya wanawake na malaika. Kisha ikasogelewa na *shine*, "kung'aa", ambayo haina undugu nayo ila sauti, na ikaanza kueleweka kama "-a kung'aa". Kivumishi kikafa, kilichobaki ni jina *sheen*, ule mng'ao wa hariri au nywele zilizopakwa mafuta. Uzuri ukapotea, mwanga ukabaki.

Na hapohapo Uingereza kuna jamaa mmoja ambaye hata Waingereza wengi hawamjui. Wafaransa wa kaskazini walichukua kitenzi cha kutazama kutoka kwa majirani zao wa Flanders, kaskazini mwa Ubelgiji ya leo, wakakifanya *escauwer*, "kukagua". Likazaliwa jina la ushuru waliotozwa wafanyabiashara wageni London kwa bidhaa walizoweka wazi kuuzwa, *scavage*, na afisa wa kuutoza akaitwa *scavager*. Baadaye maafisa hao walipewa jukumu la kusimamia usafi wa barabara. Wakageuka kuwa watu wa taka, likachomekwa *n* kama ilivyotokea kwa *passage* na *passenger*, na leo *scavenger* ni anayeokota jalalani, au fisi na tai. Angalia njia hiyo: kutazama, kukagua, kusafisha. *Schoon* ya Uholanzi nayo ilianzia kwenye kutazama ikaishia kwenye usafi, lakini kwa njia nyingine kabisa, kupitia uzuri.

Kijerumani kimebaki na *schön* kwa "zuri", nacho kikaizalisha kwa namna yake. Kielezi chake, kisicho na zile nukta mbili, ni *schon*, na leo ni "tayari". Mwanzo ilikuwa "vizuri", ikawa "kikamilifu", na jambo lililokamilika ndilo lililokwisha kuwa tayari. Kiholanzi kina kipande cha njia hiyo katika *ofschoon*, "ingawa", ambayo utaikuta kwenye barua za serikali na mara chache sana sokoni. Kitenzi *schonen* cha Kijerumani kilikuwa "kumtendea mtu kwa upole", kisha "kumwepusha na madhara". Ndiyo maana *verschonen* kwa Kiholanzi ina sura mbili zinazowachanganya wageni. Kumbadilishia mtoto nepi, au kutandika shuka safi, ni *verschonen*, na hapo ni usafi. Lakini *verschoond blijven van* jambo ni kuepushwa nalo, na *verschoningsrecht* ni haki ya kukataa kutoa ushahidi mahakamani, waliyonayo mke, mume, daktari au wakili wa mtuhumiwa. Hapo hakuna anayeoshwa.

Sasa nadharia ya mumeo. Inapendwa sana, na ina sababu ya kupendwa: wasafiri wa karne ya 17 walioandika juu ya Uholanzi hawakuacha kushangaa vizingiti vilivyosuguliwa na sakafu za kujiona uso. Mimi siinunui. Kiholanzi cha Zama za Kati, ambacho waliandika *scone*, tayari kilikuwa na maana zote mbili, "-zuri" na "safi, -siyo na doa", muda mrefu kabla ya wasafiri hao na vizingiti vyao. Kilikuwa nazo hata kusini, ambako leo wamebaki na "zuri". Kifrisia, lugha ya kaskazini mwa Uholanzi, nacho kina *skjin*, ndugu wa *schoon*, na maana yake ni "safi", ingawa Wafrisia hawajawahi kusifiwa kwa hilo kuliko wengine.

Daraja kati ya uzuri na usafi halihitaji tabia ya taifa. Linahitaji vitu ambavyo uzuri wake ni kukosa uchafu. Maji mazuri ni yapi? Nguo nzuri ya kuvaa kesho ni ipi? Ngano nzuri ni ile iliyopepetwa. Mtu akisema *schoon water* au *schoon linnen*, msikilizaji anaweza kuchukua "-zuri" au "safi" na asikosee, na mtoto anayejifunza lugha atachukua lolote. Kiswahili kimelivuka daraja hilohilo kwa kutokea ng'ambo. *Safi* tuliipata kwa Kiarabu ikiwa na maana ya usafi na kutochanganyika, na leo ukiulizwa habari za kazi unajibu "safi", goli likifungwa uwanja mzima unapiga kelele "safi!", na hakuna sabuni iliyotajwa. Sisi tulitoka kwenye usafi kwenda kwenye uzuri. Wao walitoka kwenye uzuri kwenda kwenye usafi.

Kilichoamua kwa nini kaskazini ibaki upande mmoja ni mshindani. Kuelekea mwisho wa Zama za Kati lilizagaa neno *mooi* kwa "-zuri", likashika kasi Holland, yaani eneo la magharibi mwa Uholanzi. Lugha haipendi kulisha maneno mawili kwa kazi moja, kwa hiyo *mooi* likachukua uzuri wa kila siku, *schoon* likabanwa kwenye usafi na kwenye misemo iliyokwisha kuganda. Kusini *mooi* halikupata nguvu hiyo mtaani. Kiafrikaans ni shahidi mzuri hapa. Mbegu yake ilipelekwa Rasi ya Tumaini Jema kuanzia mwaka 1652, kwa sehemu kubwa na watu wa Holland, nacho kinasema *mooi* kwa "zuri" na *skoon* kwa "safi", huku malkia wa urembo akiwa *skoonheidskoningin*. Mgawanyo ni uleule wa Utrecht, na masalio yaleyale. Mto unaopita Potchefstroom, Afrika Kusini, unaitwa Mooirivier, mto mzuri.

Kutoka kwenye "safi" Waholanzi wameendelea kwenda mbele. *Schoon schip maken* ni kumaliza mambo yote yaliyolimbikizwa na kuanza upya. *Schoon genoeg* ya kitu ni kuchoshwa nacho kabisa. Na mtu akitaja uzito wake bila nguo wala viatu husema kilo kadhaa *schoon aan de haak*, "tupu kwenye ndoana", maneno ya buchani. Yatumie na watu unaowafahamu.

Nirudi kwa mama mkwe, maana najua hilo ndilo linalokukera. *Schoonmoeder* si mama msafi. Kama kuna tafsiri ya neno kwa neno, ni "mama mzuri", na hata huo uzuri si wa sura. Wafaransa wa Zama za Kati walitumia *beau* na *belle* kama heshima katika kuita watu: *beau sire*, "bwana mwema". Heshima hiyo wakaiweka mbele ya ndugu waliopatikana kwa ndoa, wakapata *belle-mère*, *beau-père*, *beau-frère*. Waholanzi wakayatafsiri kipande kwa kipande: *schoonmoeder*, *schoonvader*, *schoonzoon*, *schoondochter*, na ukoo mzima wa mume ni *schoonfamilie*. Wakati huo *schoon* ilikuwa bado "-zuri" kwao, kwa hiyo hakuna aliyecheka. Maana ikahama, majina ya ukoo yakabaki yalipo. Kiafrikaans husema *skoonma* na *skoonpa* kwa mapenzi kabisa. Ikiwa mkweo hupitisha kidole juu ya kabati lako kutafuta vumbi, hiyo ni tabia yake binafsi, isimu haihusiki.

Kabla ya mtindo huo wa Kifaransa kuingia walikuwa na majina yao wenyewe, kama sisi tulivyo na mkwe, wifi na shemeji. Mkaza mwana aliitwa *snaar*, neno la kale sana lenye ndugu hadi Kilatini, ambako ni *nurus*. Limekufa, *snaar* ya leo ni uzi wa gitaa. Aliyenusurika ni *zwager*, shemeji wa kiume, ambaye Uholanzi bado anashikilia jina lake ilhali Flanders wengi wamemhamishia kwenye *schoonbroer*. Wajerumani hawakuufuata mtindo huo: mama mkwe wao ni *Schwiegermutter*, kutoka ukoo uleule wa *zwager*.

Mwisho, wale wasio ndugu, usije ukaelezwa vinginevyo mezani. *Schoen*, kiatu, ni jamaa wa *shoe* na hahusiki. *Schijnen*, kung'aa au kuonekana kama, ni jamaa wa *shine*, wa mzizi mwingine. *Schoener*, jahazi la milingoti miwili au zaidi, jina lake lilianzia Marekani katika karne ya 18 na likavalishwa tahajia ya Kiholanzi. Na wapo wawili ambao hufikirii kuwaunganisha, kumbe ni mapacha: *klein* ya Kiholanzi, "-dogo", na *clean* ya Kiingereza, "safi". Mama yao, *\*klainiz*, alikuwa "-a kung'aa, laini, iliyotengenezwa kwa ustadi". Waingereza wakaichukua ile iliyong'aa, ikawa safi. Wajerumani na Waholanzi wakaichukua ile laini, ikawa nyembamba, ikawa ndogo. Ukitaka kuiona maana ya mwanzo, fungua kasha la dhahabu la mkweo: kito kwa Kiholanzi ni *kleinood*, na hata kikiwa kikubwa kama yai huitwa hivyohivyo.